Ovaflo ya tangi la samaki: maana yake na namna ya kuichagua

Mwenye simtanki nyumbani analijua bomba la ovaflo: lile la juu linalomwaga maji nje boya likigoma. Kwenye tangi la samaki jina ni hilohilo, lakini hapa ovaflo haisubiri ajali. Inafanya kazi saa 24. Maji yanavuka ukingo ulio karibu na uso wa tangi, yanaingia kwenye kisanduku kidogo, kisha yanashuka kwa bomba hadi tangi la pili lililofichwa kabatini, lenye sponji za kuchuja na pampu. Pampu inayarudisha juu. Utando wa mafuta wa juu ya maji unaondoka nayo, na maji yanayokauka kwa joto la Dar yanapungua kwenye tangi la chini, si kwenye lile linalotazamwa na wageni.

Pampu haivuti maji kutoka juu. Yanashuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo bomba la kushukia lisipoweza kupitisha kiasi kinachopandishwa na pampu, sebule italowa. Ndiyo maana kipimo cha ovaflo nzuri si ukimya wake siku fundi anapoiwasha, ni kile inachofanya umeme unapokatika na kurudi wakati nyumbani hakuna mtu.

Muundo rahisi kuliko yote unaitwa Durso: bomba moja la wima lenye tii (kiungo cha umbo la T) na elbo (kiungo cha kona) juu yake, na tundu dogo la hewa kwenye kifuniko. Maji na hewa vinashuka pamoja. Bomba la inchi moja linatulia likipitisha kama lita 1,000 kwa saa. Ukilizidishia, linaanza kuvuta na kuachia, na mlio wake ni wa choo kinachovutwa usiku kucha. Kasoro yake kubwa ni kwamba njia ni moja. Konokono mmoja akikwama humo, maji hayana pengine pa kwenda.

Herbie ina mabomba mawili, na kwa tangi la kawaida la nyumbani ndiyo ya kuchagua. Bomba la kwanza linajaa maji tupu bila hewa, yaani sifoni, mvuto uleule wa mpira wa kunyonyea petroli. Unalidhibiti kwa geti valvu, koki inayofungwa kidogokidogo kwa kuzungusha mara nyingi, hadi maji kisandukuni yatulie kwenye mdomo wa bomba la pili, ambalo ni la dharura na hupitisha uzi mwembamba tu wa maji. Usitumie koki ya kugeuza robo mzunguko, kwa sababu ukiigusa kidogo tu maji yanabadilika sana. Ncha ya bomba la sifoni kwenye tangi la chini izame sentimita 2 au 3, si zaidi: ikizama sana, umeme ukirudi hewa iliyomo bombani inashindwa kutoka na sifoni haianzi. Bomba la dharura lisifungwe koki yoyote, na upana wake usiwe chini ya ule wa bomba la kwanza.

Bean Animal inaongeza la tatu. Moja ni sifoni, moja liko wazi lenye kimpira (mrija mwembamba) cha hewa, moja ni kavu la dharura. Maji yakipanda na kuziba kimpira, lile la wazi nalo linageuka sifoni. Ni salama zaidi, ila inataka matundu matatu na kabati pana.

Zipo pia ovaflo za kuning'iniza, zisizohitaji kutoboa kioo. Maji yanavuka ukingo kupitia mrija uliopinda. Viputo vya hewa vikikusanyika kwenye kipindo, mvuto unakatika, pampu inaendelea kupandisha, na maji yanamwagika. Kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, tusizisifie.

Sasa hesabu ambayo wengi huiruka. Pampu ikizimika, maji yote yaliyo juu ya ukingo yanashuka kwenye tangi la chini. Tangi la sentimita 120 kwa 50, maji yakishuka sentimita 2, ni lita 12. Lakini kama bomba la kurudishia limezama sentimita 10, nalo linageuka sifoni na kuteremsha lita 60. Weka mdomo wake karibu na uso wa maji. Kutoboa katundu ka kuvunja sifoni kunasaidia, ila mwani hukaziba. Kasafishe kila mwezi.

Vifaa vinapatikana kwenye maduka ya mabomba Kariakoo: konekta za tangi zilezile za simtanki, bomba za PVC, gundi yake. Pima upana wa uzi (msokoto) wa konekta kabla ya kutoboa, maana konekta ya inchi moja inataka tundu kubwa kuliko inchi moja. Washa ya mpira, ile pete ya kuzuia kuvuja, ikae upande wa kichwa cha konekta, na nati uikaze kwa mkono. Geti valvu ya shaba iache dukani ukifuga kamba au matumbawe, shaba ni sumu kwao. Tafuta ya plastiki. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, hakitoboleki, kinasambaratika chote, na matangi mengi ya kutoka nje yana tempa upande wa chini.

Ukishafunga, zima swichi, subiri maji yaache kushuka, weka alama ya kalamu yalipofikia kwenye tangi la chini, kisha washa. Rudia mara tatu. Halafu ziba bomba la sifoni kwa kitambaa, pampu ikiwa inafanya kazi, uone kama la dharura linabeba maji yote peke yake.