"Kinacholindwa ni uso wa mbele tu," na mengine ninayoyasikia kuhusu nyumba za kale za England

Mteja anapiga simu. Ananunua nyumba ya karne ya 18 mjini Bath, na kabla sijamuuliza chochote ananitoa hofu: "Usijali, kinacholindwa ni uso wa mbele tu. Ndani tunavunja." Nimechoka kulijibu hili kwenye simu, kwa hiyo leo naliandika.

Si kweli. Nyumba ikiingia kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, imeingia nzima: ukuta wa mbele na wa nyuma, paa, ngazi, milango, meko, nakshi za dari, hadi jiko la chini ya ardhi. Hata banda au ukuta wa bustani ulio sehemu ya kiwanja hicho tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948 umo. Sehemu hutoka tu pale maelezo ya orodha yanapotamka wazi kwamba imetolewa, na ruhusa ya kutamka hivyo ilianza 2013. Nyumba nyingi ziliorodheshwa zamani kabla ya hapo.

Dhana hii najua inakotoka. Itazame Royal Crescent, safu ya nyumba 30 iliyojengwa Bath kati ya 1767 na 1774 kwa ramani ya msanifu majengo John Wood Mdogo. Mbele kuna nguzo 114 na mawe yaliyochongwa yakapangwa kwa mkunjo mmoja usio na dosari. Lakini Wood alichora uso. Mnunuzi alichukua urefu fulani wa uso huo, kisha akatafuta mjenzi wake amjengee nyumba nyuma yake. Ndiyo maana ukizunguka nyuma unakuta kila nyumba na lake, kama wanafunzi waliovaa sare moja huku kila mmoja ana kwao: paa hili limepanda, lile limeshuka, dirisha jingine limekaa katikati ya ghorofa mbili kwa sababu ndani yake kuna ngazi. Watu wakiona vurugu ile wanasema huku hakuna cha kulinda. Mimi nikikagua nyumba naanzia huko huko, maana uso utanieleza Wood alitaka nini, lakini waliokaa humo waliishije nitalisoma nyuma na ndani.

Namba 1 ya safu hiyo ni mfano mzuri. Mpangaji wake wa kwanza, Henry Sandford, aliingia 1776. Baadaye upande wa watumishi ulitengwa ukawa nyumba ya pili. Mwaka 1967 Bernard Cayzer aliinunua nyumba kuu akaikabidhi Bath Preservation Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya mji huo, ikakarabatiwa na kufunguliwa kama makumbusho 1970. Lakini upande wa watumishi ulirudishwa 2013, na hapo ndipo mgeni alipoweza kuona jinsi nyumba ile ilivyofanya kazi, wenyewe huku na wahudumu kule. Uso wa mbele peke yake usingemweleza hilo.

Wengine hunionyesha karatasi: "Soma, maelezo ya orodha hayajataja ngazi." Maelezo hayo, hasa ya zamani, ni mistari michache ya kulitambulisha jengo, na mara nyingi mkaguzi aliyaandika akiwa amesimama barabarani. Kutotajwa si ruhusa ya kung'oa. Kubomoa au kubadilisha bila kibali cha halmashauri kwa namna inayoathiri hadhi ya jengo ni kosa la jinai. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 2, faini, au vyote. Na halmashauri haina ukomo wa muda wa kudai kazi irekebishwe, kwa hiyo ukinunua nyumba ambayo mwenye nayo wa awali alivunja kuta kimyakimya, hutashtakiwa kwa kosa lake, lakini unaweza kulazimishwa kuzirudisha kwa pesa yako. Uliza vibali kabla ya kulipa.

Sasa mengine, kwa haraka.

"Yangu ni daraja la II, kwa hiyo sheria ni nyepesi." Hapana. Hilo ndilo daraja la chini la orodha, lakini zaidi ya asilimia 90 ya majengo ya orodha yamo humo, na kibali kinatakiwa vilevile.

"Huruhusiwi kugusa kitu." Unaruhusiwa kuomba, na wengi hukubaliwa. Pale pale Royal Crescent, miaka ya 1970, mama mmoja wa namba 22 alipaka mlango wake rangi ya njano katikati ya milango myeupe. Halmashauri ikamwamuru aubadilishe, akabisha, shauri likafika kwa waziri, na mlango ukabaki wa njano.

"Dirisha lililozibwa ni la kukwepa kodi." Kodi ya madirisha ilikuwepo kweli, 1696 hadi 1851, na wapo walioziba. Ila mengi yalijengwa yakiwa yamezibwa tangu mwanzo, ili uso uwe na mpangilio sawa pale ambapo ndani kuna bomba la moshi.

"Ukuta una unyevu, upigwe saruji." Hili linaniudhi karibu sawa na lile la kwanza. Kuta hizi ni za mawe na chokaa: maji huingia, kisha hutoka kwa kukauka. Saruji huyafungia ndani, na jiwe laini la Bath huanza kumeguka. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa chokaa ni nini. Ndani nako, ukiona plasta ya zamani imetoka kipande, chungulia: fito nyembamba za mbao, na juu yake chokaa iliyochanganywa na manyoya ya mnyama. Irudishie vitu hivyo hivyo. Lakini kabla ya kumwita fundi wa plasta, panda ngazi uangalie mifereji ya paa kama imeziba majani, kisha shuka uone kama udongo wa bustani umeinuka kupita sakafu ya ndani. Mara nyingi maji yanaanzia hapo, na kuyazuia ni kazi ya koleo na glavu.