Mafuta mwilini si kinga ya mzamiaji

Dhana inayoponza wengi ni ile ya kwamba ukizamia kwa miaka mingi damu huzoea, mafuta ya mwili hukomaa, na kina hakikuwezi tena. Naichukia dhana hii kwa sababu waathirika wake ni vijana wenye afya, na wengine huishia kutembelea magongo.

Tuanze na shinikizo lenyewe. Kila mita 10 unazoshuka huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni, kwa hiyo mita 30 chini ya maji ni mara 4 ya ufukweni. Wengi huamini kwamba huko damu na mafuta hukamuliwa. Sivyo: vimiminika karibu havibanwi kabisa, na kinachosinyaa ni hewa iliyo kwenye mapafu na masikio. Balaa la mafuta lina njia yake. Asilimia 78 ya hewa ya mtungi ni naitrojeni. Shinikizo likipanda, gesi hiyo huyeyuka ndani ya damu, na mafuta huipokea takriban mara 5 zaidi kuliko maji.

Hapo ndipo watu husema mnene yuko salama, eti mafuta yanamkinga. Baridi, kweli, yanamkinga. Lakini damu hupita polepole kwenye mafuta, kwa hiyo naitrojeni huingia taratibu na kutoka taratibu. Mzamio mfupi haujazi kitu. Ukikaa sana chini au ukirudia mara kadhaa kwa siku, mafuta hushiba gesi. Kisha mtu anapanda haraka, shinikizo linashuka ghafla, na gesi inageuka viputo. Uti wa mgongo umejaa mafuta yanayofunika neva, na mara nyingi ndio unaoumia: miguu inaanza ganzi, mkojo hautoki, na baada ya saa chache mtu hawezi kusimama. Wapo wanaosema kapigwa na jini la bahari. Ni viputo.

Mwanafiziolojia John Scott Haldane na wenzake huko Uingereza walilifanyia kazi jambo hili kwa mbuzi, na mwaka 1908 wakachapisha majedwali ya kupanda kwa hatua, ukituama njiani ili gesi itoke kupitia mapafu. Tangu hapo kanuni ni hiyohiyo, kwa mgeni na kwa mkongwe.

Viumbe wanaozaliwa kilindini ndio mafuta yao yaliyobadilika kweli, kwenye utando wa seli, tena kwa vizazi vingi mno. Sisi hatuna mabadiliko hayo, na hayaji kwa mazoezi.

Anayezamia kwa pumzi yake naye asijidanganye. Wazamiaji wa lulu wa visiwa vya Tuamotu, katika Pasifiki, waliokuwa wakishuka tena na tena kutwa nzima, walipatwa na kizunguzungu, kupooza na hata kifo. Wenyewe waliuita ugonjwa huo taravana.

Maumivu yakianza, usirudi majini kuyatibu wala usichuliwe ukisubiri yapoe. Lala chali, upewe oksijeni safi, upelekwe haraka kwenye chemba ya shinikizo, yaani chumba cha tiba ambamo shinikizo hupandishwa kisha kushushwa taratibu. Na ukizamia mara kadhaa Pemba au Mafia, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita.