Je, wajua kwa nini ndege ya Dar–Zanzibar inatumia dakika 20 kwa kilomita 73 tu?

Fungua ramani kwenye simu, vuta mstari kutoka eapoti ya Julius Nyerere pale Dar mpaka ya Abeid Amani Karume kule Zanzibar, utapata kama kilomita 73 hivi. Jeti kama Airbus A220 ya Air Tanzania ikishatulia huko juu inakimbia karibu kilomita 830 kwa lisaa, ukipiga hesabu unaona safari ilitakiwa iishe kwa dakika 5 na ushee. Sasa mbona kwenye tiketi zinaandikwa dakika 20, saa nyingine 25?

Kwanza hiyo 830 ni spidi ya futi 30,000 na kitu, na kwenda Zanzibar hamfiki huko hata siku moja. Ndege inapanda, mnachungulia maji na boti kidogo, hamjakaa sawa rubani ameshaanza kushusha. Na chini ya futi 10,000 kwa kawaida mwisho ni kama kilomita 460 kwa lisaa, hata uwe na jeti ya aina gani, ndo maana kwenye njia hii pangaboi haiachwi mbali, mpaka vile vi-Cessna Caravan vya watu kumi na ushee vinajitutumua na vinafika muda unaokaribiana.

Halafu kuna upepo, na hapa ndo patamu. Ndege inaruka na kutua ikiukabili upepo, siyo ikielekea inakoenda. Miezi ya kusi, tuseme Julai, ukiruka Dar mara nyingi unaelekea upande wa kusini, yaani Zanzibar mmeipa mgongo kabisa, ndo mnakata kona kurudi kaskazini. Mkifika, barabara ya kutulia ya Zanzibar imelala kaskazini-kusini, kwa hiyo ili mtue mkiutazama huo upepo inabidi muupite uwanja, mgeuke huko mbele, mje mkitokea kaskazini. Kilomita 73 zimeshaongezeka hapo na hakuna aliyekuambia. Kipindi cha kaskazi mambo yanageuka, mnaruka mnakoelekea na kutua moja kwa moja, mtu anashuka anasema rubani wa leo mkali kumbe ni upepo tu.

Na muda wa kwenye tiketi hauhesabiwi tangu matairi yaache lami, unaanza ndege inapoondoka pale ilipopaki mpaka isimame ilikofika, kwa hiyo kule kujivuta taratibu na kusubiri mwingine atue kote kumo.

Linganisha na Dar–Mwanza: kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850, kwa basi kupitia Dodoma na Singida zinazidi 1,100. Jeti inatumia karibu lisaa limoja na nusu. Njia ni ndefu zaidi ya mara kumi lakini muda haujafika hata mara tano, kwa sababu huku jeti inapata nafasi ya kupanda na kukimbia kweli. Bombadia zetu, zile Dash 8 za mapanga, zinaenda kama 660 kwa lisaa, so ukikuta siku hiyohiyo kuna jeti na bombadia za kwenda Mwanza na bei zimepishana, ujue hiyo hela ya juu inakununulia kama robo saa tu.