Ng'ombe Wako Hakuzoea Dawa

Nimeombwa tena, safari hii na mfugaji wa Rungwe, nimwandikie "dawa kali zaidi" ya ugonjwa wa kiwele (mastaitisi) kwa kuwa ng'ombe wake eti ameizoea oksitetrasaiklini. Ng'ombe hazoei dawa. Wanaojenga usugu ni bakteria, na hata hao mara nyingi husingiziwa.

Bakteria aitwaye Stafilokokasi aureusi, msumbufu mkuu katika mabanda yanayokamua kwa mkono, huiponyoka dawa kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni usugu wenyewe: wengi wao hutengeneza kimeng'enya kinachovunja penisilini kabla haijawadhuru. Ya pili, ambayo hunikera kwa jinsi inavyopuuzwa, ni maficho. Bakteria huyu huingia ndani ya seli, hujifunika utando, na mwili wa ng'ombe nao humzungushia kovu, kiasi kwamba maabara inaweza kuonyesha dawa ikimuua vizuri kwenye sahani, ilhali ndani ya kiwele dawa hiyohiyo haimfikii. Kamua mpaka mwisho, kisha ushike kiwele: ukikuta robo moja ina vinundu vigumu na nyingine tatu zimelegea, ujue kwamba kupandisha ukali wa dawa ni kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango.

Kuhusu tyubu za dawa ya kuingiza chuchuni zinazokatishwa siku ya pili kwa sababu mabonge kwenye maziwa yamekwisha, sina subira ya kurudia: maziwa kuwa meupe si kupona, na maziwa hayo yakichanganywa na kimiminika cha CMT, kipimo cha bandani cha ugonjwa huu, bado yataganda.

Yapo pia yanayonitatiza mwenyewe. Sampuli ya robo iliyovimba waziwazi huweza kurudi kutoka maabara bila kuota chochote, kwani stafilokokasi hutoka kwenye maziwa kwa vipindi. E. koli, bakteria mwingine wa kiwele, naye mara nyingi huondolewa na kinga ya ng'ombe mwenyewe, kwa hiyo nikidunga sindano na mgonjwa akapona, siwezi kuapa kuwa ni sindano yangu iliyomponya.

Chukua sampuli kabla ya dawa, chuchu ikiwa imefutwa kwa spiriti na maziwa ya kwanza yamemwagwa, uipeleke ikiwa ya baridi. Kituo cha TVLA, wakala wa maabara ya mifugo Tanzania, kipo Iringa. Mwenye robo ngumu ya muda mrefu akamuliwe mwisho, atibiwe kwa tyubu za kukaushia, zile za kuingiza chuchuni anapoachishwa kukamuliwa, na asipopona auzwe machinjioni siku za kusubiri dawa iishe mwilini zikitimia. Najua huyo ndiye ada ya shule ya watoto, lakini mkono wenye mafuta ya kukamulia unaotoka kwake ndio unaokwenda kwa jirani yake bandani.