Zuio juu ya zuio

Wateja wangu huuliza: mahakama ya nchi ya kigeni inawezaje kuizuia mahakama ya hapa isisikilize kesi yangu? Haiwezi, wala haijaribu. Inamzuia mdaawa. Inamwambia: ukiendelea na kesi ile kule, hapa utalipa faini. Kampuni yenye mali na biashara huku na huku hutii.

Chanzo cha ugomvi ni kwamba hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ina mipaka ya nchi ila bei yake haina. Chini ya Mkataba wa Paris, hataza ya Ujerumani haitegemei ile ya China, hata kama uvumbuzi ni mmoja. Lakini simu ya 4G hutumia hataza nyingi mno, na wenye hataza wameahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki yasiyobagua. Ni nadra mtu kuipatana leseni hiyo nchi moja moja. Basi nani apange mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza, wa dunia nzima?

Agosti 26, 2020, katika kesi ya Unwired Planet na Huawei, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kuwa mahakama za huko zinaweza kuupanga. Siku mbili baadaye, Mahakama Kuu ya Watu ya China ilimkataza Conversant, kampuni yenye hataza, kutekeleza hukumu aliyoipata Düsseldorf, Ujerumani, dhidi ya Huawei. Akikaidi, faini ni yuan milioni 1 kwa siku.

Kesi ninayopenda kufundishia ni ya Ericsson na Samsung. Samsung ilitangulia kufungua kesi Wuhan, China, Desemba 7 mwaka huohuo. Ericsson ikafungua yake Texas siku nne baadaye. Desemba 25 Wuhan ikatoa zuio dhidi ya Ericsson lililogusa hata kesi za nje. (Sikukuu za mawakili zikaishia hapo.) Desemba 28 Texas ikajibu kwa zuio dhidi ya zuio, na Januari 2021 Samsung ikaamriwa kuifidia Ericsson faini yoyote itakayotozwa China. Jaji Gilstrap wa Texas hakuigusa kesi ya Wuhan. Alitaka tu kila mahakama iachwe na kesi yake. Kwangu huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote ya msimu ule. Mei 2021 kampuni hizo zikapatana zenyewe.

Kwa mazuio kama haya, Umoja wa Ulaya uliipeleka China kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2022. Jopo la kwanza halikuupa ulichotaka katika hoja kuu, lakini Julai 2025 wasuluhishi walisema sera hiyo ya mazuio inakiuka TRIPS, mkataba wa shirika hilo kuhusu hataza na haki nyingine za ubunifu.

Sasa silaha imebadilika sura. Oktoba 2024, kati ya Panasonic na Xiaomi, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilitamka kwamba mwenye hataza mwenye nia njema angetoa leseni ya muda wakati bei inasubiriwa London. Panasonic ilikuwa bado inaikimbiza Xiaomi katika mahakama za Ujerumani. Tamko hilo halimkatazi mtu kitu, na majaji walikuwa waangalifu kulisema. Ila ukiwa wakili wa mwenye hataza huko Munich, Ujerumani, unalisoma mara mbili.