Vizuizi vya Trafiki Mombasa Msimu wa Sikukuu: Yanayosemwa Steji na Yaliyo Kwenye Sheria

Ikifika katikati ya Desemba, Mombasa hujaa. Magari ya bara yanateremka kupitia Mariakani na Mazeras, wageni wanaelekea Nyali, Diani na Kilifi, foleni ya feri ya Likoni inarefuka, na polisi wa trafiki nao wanaongezeka barabarani. Vizuizi vikiongezeka, maneno huongezeka pia. Dereva wa matatu ana lake, wa tuktuk ana lake, na mwenye gari la nyumbani aliyeazima busara ya shemeji yake ana lake pia.

Mengi ya maneno hayo si kweli, na watu wanayalipia. Ndiyo yanayomfanya mtu aliyeachilia mkanda atoe noti ya elfu moja gizani wakati faini ya kosa lake ni shilingi 500. Nimeyasikia kwa miaka mingi, na mwaka huu nimeona afadhali niyaweke pamoja na yale ambayo sheria inasema.

“Toa kitu kidogo, la sivyo utalala ndani mpaka sikukuu ziishe”

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote, kwa hivyo nitakaa nayo.

Mara nyingi askari hahitaji hata kuitamka. Anapokea leseni, anaigeuza upande wa pili, analizunguka gari polepole akimulika magurudumu kwa tochi, anarudi dirishani. “Sasa mzee, tutasaidiana vipi?” Kiti cha nyuma watoto wamelala wameegemeana. Ni tarehe 24 usiku. Dereva anapiga hesabu kichwani: kesho Krismasi, keshokutwa sikukuu, mahakama zimefungwa, nitakaa ndani siku ngapi? Mkono unaingia mfukoni wenyewe. Hofu ya seli ndiyo inayouzwa hapo dirishani, na hofu yenyewe imejengwa juu ya sheria isiyokuwepo.

Sheria iliyopo ni hii. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa mengi yanayoshikwa kwenye vizuizi yamo humo. Zaidi ya hapo, Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zimeorodhesha makosa pamoja na bei zake, na bei hizo hazibadiliki kwa sababu ni Krismasi au Idd. Kuendesha bila kubeba leseni ni shilingi 1,000. Kushika simu ukiendesha ni 2,000. Kutofuata alama ya barabarani ni 3,000. Kutosimama ulipoagizwa na afisa aliyevaa sare ni 5,000. Mwendo nao una ngazi zake: ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni onyo tu, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000.

Utaratibu wake ni kwamba afisa anakuandikia notisi yenye kosa lako na siku ya kufika kortini. Ukikubali kosa, unalipa kwa njia rasmi na yanaishia hapo. Ukikataa, unakwenda kujitetea mbele ya hakimu. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, namba ya malipo 222222, nawe unabaki na risiti. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu, au upeleke kwa mwenye kibanda cha M-Pesa pale ng’ambo, hiyo si faini hata kama kiasi kinalingana.

Je, yapo makosa ya kukupeleka kituoni? Yapo, na kuendesha ukiwa mlevi ni mojawapo. Hapo Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo zikiisha wakati mahakama haikai, unapelekwa kufikia mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo aliyelewa akashikwa usiku wa kuamkia wikendi ndefu ana sababu ya kuogopa. Hata yeye, hata hivyo, anaweza kuomba dhamana ya polisi, na akitoa pesa za dhamana lazima apewe risiti, kwa kuwa hizo ni amana ya kumrudisha kortini. Kesi ikiisha hurudishwa. Hakikisha pia tukio limeandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na umepewa namba yake.

Kuhusu mahakama kufungwa Desemba nzima: likizo ile inayotangazwa ni ya Mahakama Kuu. Mahakama za hakimu, zile zinazosikiliza kesi za trafiki pale Mombasa mjini, Shanzu au Mariakani, hukaa siku za kazi kama kawaida.

“Anayekosea ni askari anayepokea, mimi nimelazimishwa tu”

Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Adhabu inafika kifungo cha miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Noti iliyokunjwa nyuma ya leseni kabla hata hujaulizwa chochote, ile tabia ambayo baadhi ya makondakta wameigeuza kuwa salamu, ni hongo kamili, na si utetezi kusema kila mtu hufanya hivyo.

Najua dereva wa matatu atanijibu nini. Atasema akigoma leo, kesho gari lake ndilo litakaloegeshwa pembeni na abiria kushushwa, na hesabu ya tajiri haisubiri. Ni kweli, na linaniuma, maana huyu ni mtu anayetafuta riziki ya wanawe. Lakini kinachompa askari nguvu hiyo mara nyingi ni kasoro iliyomo ndani ya gari lenyewe: taa moja ya breki haiwaki, kidhibiti mwendo kimechezewa, abiria wanne wamebanwa kwenye kiti cha watatu. Gari lisilo na kasoro ni gumu kulizuia muda mrefu, kwa sababu hakuna cha kuandika kwenye notisi.

“Kahawa tungu na ndimu, na Alcoblow haishiki kitu”

Alcoblow ni kile kifaa cha polisi cha kupima pombe kwenye pumzi, na hili husemwa sana na watu wanaotoka kunywa Mtwapa alfajiri. Wengine husukutua, wengine hulamba peremende za mnanaa, wengine hutafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha jamii ya miraa, wengine huoga maji baridi wakajiona wazima.

Kifaa hicho hakinusi harufu ya mdomo. Kinapima pombe inayotoka kwenye damu kupitia mapafu, na damu haisafishwi na kahawa. Ini ndilo linaloiondoa pombe, kwa mwendo wake, wala hakuna kinachoharakisha. Chupa moja ya bia ya nusu lita huchukua takriban saa mbili kuisha mwilini. Aliyeanza saa tatu usiku akamaliza chupa sita, hata kama alilala kidogo, atakuwa na pombe mwilini hadi karibu saa tatu asubuhi. Ndiyo maana watu hushikwa asubuhi wakielekea ufuoni na familia, wakaapa kwamba hawajanywa “leo”.

Kiwango cha kisheria ni mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, ambacho ni sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Dawa ya kusukutua mdomo yenye pombe inaweza hata kukuharibia, maana kwa dakika chache husomeka kama umekunywa zaidi. Kama umetoka kuitumia, mweleze afisa na uombe kusubiri dakika 15 upimwe tena. Omba pia mrija mpya wa mdomoni, ufunguliwe mbele yako, kisha utazame namba inayotokea. Ukiomba kwa adabu, afisa anayejua kazi yake hatakasirika.

Muguka una hatari ya peke yake. Unamwondolea dereva hisia ya usingizi, lakini usingizi wenyewe uko palepale, na aliyelewa akatafuna anajiamini kuliko alivyostahili. Barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na sehemu ndefu kati ya Voi na Mtito Andei imenyooka kiasi cha kumlaza hata dereva asiyekunywa.

Kuna tawi lingine la dhana hii: kwamba Alcoblow “ilikufa kortini”. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kanuni za kipimo hicho zinagongana na Sheria ya Trafiki yenyewe, na kifaa kikaondoka barabarani kwa muda. Kuendesha ukiwa umelewa hakukuacha kuwa kosa hata siku moja, na mwishoni mwa 2023 ikatangazwa kuwa kifaa kinarudi.

“Askari wa kawaida hana ruhusa ya kunisimamisha”

Anayo. Sheria ya Trafiki inampa afisa yeyote wa polisi aliyevaa sare uwezo wa kusimamisha gari, hata kama hana kofia nyeupe ya trafiki. Neno la kushika hapo ni sare. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi inamtaka afisa aliye ndani ya sare awe na jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Una haki ya kulisoma jina hilo na kuuliza umesimamishwa kwa kosa gani. Uliza ukiwa umetulia, mikono iko juu ya usukani, taa ya ndani imewashwa kama ni usiku. Nimeona mazungumzo mengi yakiharibika kwa sababu ya sauti tu, kabla ya sheria yoyote kutajwa.

“Mkanda ni wa mbele”

Ni wa kila kiti chenye mkanda, pamoja na viti vya nyuma na vya matatu. Faini ni shilingi 500. Bodaboda naye habebi zaidi ya abiria mmoja, na kofia ngumu ni ya wote wawili.

“Kuwashiana taa ni kusaidiana”

Barabara ya Malindi jioni utaona magari yanayotoka Mtwapa yakiwashia taa yale yanayokwenda: mbele kuna trafiki. Wengine wana njia za panya tayari, wanakata kupitia Kiembeni na Utange kukwepa kizuizi. Moyo wa kusaidiana naufahamu, tumelelewa nao hapa Pwani. Lakini anayewasha taa hajui anamsaidia nani. Kwenye foleni ile ile yuko mwenye leseni iliyoisha juzi, na yuko aliyelewa chakari akiwa na watu wanane ndani ya gari la watano. Huyu wa pili anapunguza mwendo, anapita salama au anaingia vichochoroni ambako watoto wanacheza barabarani, akiishapita anakanyaga tena. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Anayevuka pale Bamburi akitoka kununua mkate hana muda wa kuruka. Ndani ya mji kikomo ni 50, kwa kila gari, kizuizi kiwepo kisiwepo.

“Kampeni yote ni ya kutafuta pesa za Krismasi”

Siwezi kumlaumu anayeamini hivi. Amemwona askari akiachilia matatu iliyojaa mpaka mlangoni kisha akimsimamisha mama mwenye gari zima kabisa, na maafisa wanaofanya hivyo wanaiua kampeni kwa mikono yao wenyewe. Serikali ikitaka tuviheshimu vizuizi hivi, ianze na hao.

Hata hivyo, kuna upande ambao dhana hii inauficha. Kenya huzika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na wanaotembea kwa miguu ndio wengi kuliko kundi lingine lolote. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa vizuizi vya kupima ulevi hupunguza ajali za pombe kwa karibu asilimia 20, mradi vifanyike mara kwa mara na dereva ajue anaweza kupimwa mahali popote. Faida hiyo hupotea pale mlevi anapojua kuna bei ya kupita. Kila noti inayopokelewa dirishani inamrudisha barabarani mtu ambaye kizuizi kiliwekwa kwa ajili yake.

“Ukilalamika hakuna atakayekusikiliza”

Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, hupokea malalamiko kwa simu ya bure, 1559, na ina ofisi hapa Mombasa. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, nayo ina ofisi hapa na husikiliza mambo ya hongo. Malalamiko ya “nilisumbuliwa na trafiki Jumamosi” hayafiki mbali. Yanayofuatiliwa ni yenye jina au namba iliyo kifuani mwa afisa, namba ya gari la polisi, mahali penyewe na saa yake, maneno aliyoyasema, na ujumbe wa M-Pesa kama pesa zilitumwa. Yaandike kwenye simu mara tu unapofika mahali salama pa kuegesha, kabla hujasahau kama ilikuwa saa mbili au saa nne, na mwombe abiria aliyeona naye aandike yake.