Tishu si pedi

"Sista, mbona nilinunua ile ya bei?" mama aliniuliza huku nikimkagua. Ilikuwa siku ya nne tangu ajifungue na alikuja akilalamika kwamba mshono unachoma. Pedi zilikuwa zimemwishia usiku, akakunja karatasi ya chooni akaivaa. Juu ya nyuzi palikuwa na vipande vyeupe vilivyoganda kama ukoko wa wali. Kwa mbali ungedhani ni usaha. Nilikaa karibu robo saa nikivilowesha kwa maji ya uvuguvugu na kuvibandua kimoja kimoja, naye kang'ang'ania ukingo wa kitanda.

Bei haikuwa na lawama. Karatasi ya chooni hutengenezwa makusudi isambaratike ikilowa, ili isizibe bomba. Tishu za boksi za kufutia pua huongezwa kemikali ya kuzifanya zistahimili unyevu. Ukitaka kuona tofauti, chukua chupa mbili za maji, tia kipande cha hii huku na cha ile kule, kisha tikisa. Ya chooni itakuwa uji, ya boksi itabaki kipande. Ndiyo maana ya boksi haifai kutupwa chooni, na ya chooni haifai kukaa juu ya kidonda.

Sisi wa pwani tunachamba kwa maji (kuchamba kwenyewe, si kule kwa taarabu), nami sina ugomvi na hilo: maji husafisha kuliko karatasi. Tatizo huja baadaye, mtu anapojisugua kwa tishu bado anatiririka. Karatasi inajiviringa vijinyuzi, vinabaki kwenye mikunjo na kuwasha siku nzima. Acha maji yachuruzike kwanza, kunja matabaka matatu au manne, gandamiza, inua. Basi.

Na mkono utoke mbele kwenda nyuma. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, sentimita 4 hivi, na mlango wake uko jirani na njia ya haja kubwa. Bakteria aitwaye E. coli, anayeishi utumboni bila fujo, akisogezwa hapo mbele ndiye anayeleta U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nyingi kuliko vijidudu vingine. Watazameni mabinti wadogo: mkono wao hupita katikati ya miguu na kuvuta kuja mbele, kwa sababu ndiko wanakofika kwa urahisi. Mfundishe apeleke mkono kwa nyuma. Itachukua wiki kadhaa za kukumbushana.

Dukani mimi nachukua nyeupe, isiyo na manukato wala maua ya rangi. Harufu haiongezi usafi hata kidogo, na kwa wenye ngozi nyepesi kuudhika ndiyo chanzo cha muwasho ambao watu wanaudhania fangasi, wakajipaka dawa mwezi mzima bila nafuu. Bonyeza roli kwa kidole gumba. Ikibonyea kama boflo, umeuziwa hewa. Nyumbani ipige kidogo juu ya kitambaa cheusi. Ikimwaga vumbi jingi, hiyo ifutie meza. Roli iliyolowa kando ya ndoo na kuota madoa ya ukungu, usiianike. Itupe.

Waipsi, zile tishu za pakiti zilizoloweshwa tayari, ndizo zinazonikera zaidi. Geuza pakiti usome maandishi madogo, utafute neno hili refu: methylisothiazolinone. Ni dawa ya kuzuia bidhaa isioze, nayo inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyoachwa mwilini bila kusuuzwa. Makalio ya mtoto yanatosheka na pamba na maji. Tena waipsi haziyeyuki shimoni, waulizeni vijana wa gari la majitaka.

Yule mama nilimpa pedi mbili za kuondokea. Nje mama mkwe wake alikuwa anamsubiri, nikamweleza: kanga kuukuu ya pamba, ikatwe, ifuliwe kwa sabuni, ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, ipigwe pasi, ibadilishwe kila baada ya saa chache. Alicheka. "Hayo tulimwambia," akasema, "akaona ya kizamani."